Beau Brummell: Mtanashati aliyemfunza mwanamfalme kuvaa, akaishia kukosa shati safi

UNAPOMWONA wakili akiingia mahakamani, mbunge akiapishwa ama bwana harusi akimsubiri mwenzake kanisani, huenda usijiulize ni nani aliyeamua kwamba mwanamume anayetaka kuheshimiwa sharti avae koti la rangi nzito, shati jeupe na kitu kilichofungwa shingoni. Wengi wetu hudhani kuwa mavazi hayo yaliletwa huku na wamishonari pamoja na maafisa wa serikali ya kikoloni. Ni kweli waliyaleta. Lakini wao wenyewe walikuwa wameyarithi, na urithi huo ukifuatiliwa hadi chanzo chake utatufikisha katika chumba cha kuvalia cha mwanamume mmoja ambaye hakuwa mfalme wala jemadari, hakutunga sheria yoyote, na hakushona nguo hata moja kwa mkono wake.

Mwanamume huyo ni George Bryan Brummell, aliyezaliwa jijini London mnamo Juni 7, 1778, na ambaye walimwengu walimbandika jina Beau, neno la Kifaransa lenye maana ya mrembo au mtanashati. Kwa karibu miaka 18, neno lake kuhusu koti, buti au kitambaa cha shingoni lilikuwa na uzito kuliko la mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Kisha, katika usiku mmoja wa mwaka 1816, aliitoroka nchi yake kama mwizi. Aliishi miaka mingine 24 na hakurejea tena nyumbani.

Brummell hakuzaliwa katika ukoo wa kifahari, jambo ambalo maadui zake hawakulisahau. Babu yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, ambaye baadaye aliwapangishia mabwana vyumba katika eneo la St James's. Babake, William Brummell, alipanda ngazi akawa katibu wa kibinafsi wa Lord North, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kati ya 1770 na 1782. Huyu ndiye waziri ambaye Marekani ilimponyoka akiwa mamlakani. Katibu wa mtu kama huyo hukutana na wengi wenye shida, na wengi wenye kutoa shukrani. William alijikusanyia mali ya kutosha, akanunua nyumba kubwa mashambani na kumpeleka mwanawe katika shule ya Eton, walikosoma wana wa makabaila.

Huko Eton, George alijulikana kwa mambo mawili: unadhifu wake na ulimi wake. Alipita Chuo Kikuu cha Oxford kwa muda mfupi tu. Mnamo 1794 babake aliaga dunia, na kijana huyo akajua kwamba akitimiza umri wa miaka 21 angepokea urithi wa zaidi ya pauni 20,000. Zilikuwa fedha za kumwezesha mtu mwenye kiasi kuishi vyema maisha yake yote. Hazikuwa fedha za kumwezesha mtu kuishi kama mtoto wa mfalme.

Balaa ni kwamba aliyemvutia ni mtoto wa mfalme mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1794, Brummell akiwa na miaka 16, alipewa cheo cha afisa mdogo katika kikosi cha 10 cha askari wapanda farasi. Kikosi hicho kilikuwa cha George, Mwanamfalme wa Wales, ambaye alipenda mavazi kuliko vita. Mwanamfalme alikuwa amemzidi kijana huyo kwa takriban miaka 16, lakini alifurahishwa mno na maneno yake makali na utulivu wake usioyumba. Katika harusi ya mwanamfalme mnamo 1795, Brummell alikuwa miongoni mwa waliomhudumia. Mwaka uliofuata alikuwa tayari amepandishwa cheo kuwa kapteni.

Uanajeshi wenyewe haukumshughulisha. Inasimuliwa kwamba hakuwafahamu hata askari wake, na kwamba alitambua mahali pake gwarideni kwa kumtafuta askari mmoja aliyekuwa na pua kubwa yenye rangi ya samawati. Siku askari huyo alipohamishiwa safu nyingine, kapteni naye alimfuata na kujikuta akiongoza watu wasiokuwa wake. Mnamo 1798 habari zilipokuja kwamba kikosi kingehamishiwa Manchester, jiji la viwanda na moshi, Brummell aliacha kazi. Hakuona namna ambavyo mtu angeweza kuishi huko.

Ili tuelewe alichokifanya baada ya hapo, inafaa tukumbuke jinsi mabwana wa Ulaya walivyovaa wakati huo. Mwanamume mwenye cheo alijitokeza mbele za watu akiwa amevalia hariri iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha, lesi zikimning'inia mikononi, viatu vyenye visigino virefu, na nywele zilizopakwa mafuta kisha kunyunyiziwa unga mweupe. Manukato yalimwagwa kwa wingi, hasa kwa sababu chini ya hariri hiyo mwili haukuwa umeoshwa kwa siku nyingi. Nguo ilikuwa tangazo la mali. Kadiri mtu alivyong'aa ndivyo alivyoheshimiwa.

Hali hiyo ilikuwa imeanza kutikisika. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwafunza makabaila kwamba kung'aa kupita kiasi kunaweza kumgharimu mtu kichwa chake. Nchini Uingereza, serikali iliyokuwa vitani na Ufaransa ilianzisha kodi ya gini moja kwa mwaka mnamo 1795 kwa kila aliyetaka kupaka nywele zake unga, na hayo yakatokea wakati ambapo ngano ilikuwa adimu na maskini walikuwa wakilia njaa. Vijana wengi waliuacha unga huo. Brummell naye alikata nywele zake fupi na hakuupaka tena.

Wanahistoria wa mavazi hubishana kuhusu kiasi alichobuni yeye mwenyewe. Ukweli ni kwamba hakubuni mengi. Alichukua nguo ambazo mabwana wa mashambani walivaa walipopanda farasi, akaziingiza mjini na kuzifanya kamilifu. Mchana alivaa koti la samawati nzito, kizibao cha manjano iliyofifia, suruali iliyobana mguu na buti ndefu nyeusi. Jioni alivaa koti la samawati tena, kizibao cheupe na suruali nyeusi iliyofungwa kwa vifungo hadi kifundoni. Hapakuwa na dhahabu wala vito, isipokuwa mnyororo mwembamba wa saa. Alishikilia kwamba ikiwa watu wanageuka kukutazama barabarani, basi hujavaa vyema.

Siri ilikuwa katika kitambaa na mkasi. Hariri hukataa kutii umbo la mwili, lakini nguo ya sufu ikipigwa pasi kwa mvuke hunyooshwa, hukazwa na kupindwa hadi ilale mwilini kama ngozi ya pili. Washonaji wa London, ambao walikuwa wamezoea kushona makoti ya wapanda farasi na sare za wanajeshi, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Brummell aligawa kazi yake kati yao: Schweitzer na Davidson wa barabara ya Cork, Weston wa Old Bond na Meyer wa Conduit. Watu walivumisha hata kwamba glavu zake zilishonwa na mafundi tofauti, mmoja akishughulikia kidole gumba peke yake. Huenda huo ni uvumi tu, ila uvumi wa aina hiyo hauzuki kwa mtu wa kawaida.

Jambo la pili, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo kubwa zaidi, lilikuwa maji. Brummell alioga kila siku, mwili mzima, wakati ambapo mabwana wengi waliona kunawa uso na mikono kuwa kunatosha. Alipiga mswaki, alinyoa ndevu kwa uangalifu mkubwa na hakujipaka manukato. Mashati yake yalipelekwa kufuliwa mashambani na kuanikwa kwenye hewa safi, mbali na moshi wa makaa wa London. Leo hii hayo ni mambo ambayo mama yeyote humfunza mtoto wake kabla ya kwenda shule. Wakati huo yalikuwa mageuzi.

Kisha kulikuwa na kitambaa cha shingoni, babu wa tai ya leo. Kabla ya Brummell, vitambaa hivyo vililegea na kubonyea chini ya kidevu. Yeye aliagiza vyake vitiwe wanga kidogo ili vipate kusimama. Kola ya shati lake ilikuwa ndefu hivi kwamba kabla ya kukunjwa ilimfunika uso. Aliikunja, akazungusha kitambaa cha kitani chenye upana wa takriban futi moja, kisha akainua kidevu kutazama dari na kuanza kukishusha polepole ili taya likikandamize kitambaa na kukitia mikunjo iliyolingana. Mkunjo mmoja ukikaa vibaya, hakuurekebisha. Alikivua, akakitupa na kuchukua kingine. Inasemekana kwamba mgeni mmoja alikutana ngazini na Robinson, mtumishi wake, akiwa amekumbatia lundo la vitambaa vilivyokunjamana. Alipouliza ni vya nini, mtumishi alimjibu bila wasiwasi kwamba hivyo ndivyo vilivyowashinda asubuhi hiyo.

Shughuli hiyo ilichukua muda mrefu, na watu walikuja kuitazama katika nyumba yake nambari 4, barabara ya Chesterfield. Mwanamfalme wa Wales mwenyewe alikuwa akifika na kuketi, akimtazama mjukuu wa mtumishi akifunga kitambaa, na mara nyingine akabaki hadi wakati wa chakula cha jioni. Mtu ambaye siku moja angekuwa Mfalme George wa Nne alikuwa mwanafunzi. Ipo hadithi kwamba siku moja Brummell alilikosoa koti la mwanamfalme, na mwenye koti akatokwa na machozi.

Hapa ndipo kisa kinapopata utamu. Kwa kawaida mtu asiye na cheo akitaka kuwakaribia wakubwa huwaiga. Brummell aliwageuzia kibao. Alichukua kile ambacho makabaila walikitegemea, yaani hariri, vito na dhahabu, akakifanya kionekane kichekesho, kisha akaweka mahali pake vitu ambavyo havikuhitaji ukoo: mshono mzuri, sabuni na macho yanayoona kosa. Mabwana wenye ardhi kubwa wakaanza kuogopa tathmini ya kijana ambaye hakuwa na shamba. Waliopenda rumba ya Kongo watamkumbuka marehemu Papa Wemba, aliyeaga dunia 2016, na vijana wa Kinshasa na Brazzaville wanaoitwa wana-Sape, ambao huweza kulala na njaa ilmradi suti na viatu viwe vya hali ya juu. Brummell angeshtushwa na rangi zao za kuwaka, lakini angeielewa fika imani yao kwamba mtu anaweza kutembea kama bwana pasipo kuzaliwa bwana.

Hata hivyo, hakuutumia uwezo wake kuwafungulia wengine mlango. Aliutumia kuufunga. Katika klabu ya White's, ambako mnamo 1811 dirisha kubwa lililochomoza barabarani lilijengwa, aliketi pamoja na rafiki yake Lord Alvanley na wenzake, wakiwapima waliopita. Kutikisa kwake kichwa kulimpandisha mtu. Kunyamaza kwake kulimshusha. Inasimuliwa kwamba Duke wa Bedford alimwomba maoni kuhusu koti lake jipya, naye akamzungusha nyuma na mbele, akalishika ukosi kwa vidole viwili, kisha akamuuliza kwa upole kama kweli kitu kile kilikuwa koti. Mama mmoja aliyetaka kujua gharama ya kumvisha mwanawe aliambiwa kwamba kwa kubana matumizi, pauni 800 kwa mwaka zingetosha. Kibarua wa shambani wakati huo hakupata hata pauni 50 kwa mwaka mzima.

Na fedha za Brummell je? Urithi wake haukuliwa na makoti. Uliliwa na kamari. Klabu ya Watier's, iliyoanzishwa 1807, ilisifika kwa chakula kitamu na michezo ya karata yenye dau kubwa, na mtu aliyetaka kuwa karibu na makabaila sharti acheze nao. Brummell alishinda maelfu na kupoteza maelfu. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuokota barabarani sarafu yenye tundu, akaifanya hirizi na kushinda kwa muda mrefu, hadi siku alipompa dereva wa gari la farasi kwa bahati mbaya. Tangu hapo, alidai, mambo yalimwendea mrama. Kwa wacheza kamari, lawama daima hutafutiwa sarafu.

Ufa kati yake na mwanamfalme ulianza taratibu. Zipo hadithi nyingi kuuhusu, ikiwemo ya Brummell kumwamrisha mwanamfalme apige kengele, ambayo mwenyewe aliikanusha hadi mwisho. Lililo wazi ni kwamba mnamo 1811 mwanamfalme alifanywa kaimu wa mfalme kutokana na maradhi ya akili ya babake, na mtu aliyeshika madaraka ya nchi hakufurahia tena kutaniwa. Isitoshe, alikuwa amenenepa mno na aliona haya kwa sababu hiyo, ilhali ulimi wa rafiki yake haukumhurumia.

Mnamo Julai 1813, Brummell, Alvanley na wenzao wawili waliandaa dansi katika ukumbi wa Argyle kusherehekea ushindi wao wa kamari. Mwanamfalme alifika. Aliwasalimia Alvanley na mwenzake, akampita Brummell kana kwamba mahali alipokuwa pamesimama hewa. Katika jamii ile, hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Brummell hakupepesa jicho. Kwa sauti iliyowafikia wote alimgeukia Alvanley na kumuuliza yule rafiki yake mnene alikuwa nani.

Hadithi hiyo imesimuliwa kwa zaidi ya miaka 200 kwa kuwa inachekesha. Lakini wadai wa Brummell, waliposikia, hawakucheka. Kwa miaka mingi washonaji, mafundi wa viatu, wauza divai na wakopeshaji fedha walikuwa wamemwachia bidhaa bila malipo kwa kuwa alikuwa rafiki wa mfalme mtarajiwa. Mshonaji aliyemvisha Brummell alipata wateja 20 waliotaka koti kama lake, kwa hivyo deni lilikuwa kama gharama ya matangazo. Urafiki ulipokatika, mkopo ulianza kukauka. Bado alijikakamua kwa takriban miaka mitatu zaidi, jambo linaloonyesha uzito wa jina lake.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mwanamfalme mwenyewe alikuwa mdeni sugu. Alipooa mnamo 1795 alikuwa na madeni ya zaidi ya pauni 600,000, na Bunge likaweka mpango wa kuyalipa. Aidha, sheria ya Uingereza haikuruhusu wenye vyeo vya ukabaila wala wabunge kukamatwa kwa sababu ya madeni. Raia wa kawaida alitupwa gerezani hadi atakapolipa. Makoti yote ya Weston na Meyer hayakuweza kumpa Brummell kinga hiyo. Siku ya malipo ilipofika, alikuwa mjukuu wa mtumishi tena.

Mapema 1816 aliingia katika mkopo wa pamoja na marafiki wachache, na alipodaiwa sehemu yake hakuwa nayo. Mmoja wa waliohusika, kijana tajiri Richard Meyler, alikwenda White's kumwanika mbele ya wanachama. Mnamo Mei 16, Brummell alikula kuku baridi na kunywa chupa ya divai nyumbani kwake. Akamwandikia rafiki yake Scrope Davies akimwomba pauni 200 hadi asubuhi. Rafiki alijibu kwa heshima kwamba fedha zake zote zilikuwa zimewekezwa. Brummell alivaa kama kawaida, akaenda kutazama opera, akasalimiana na waliomfahamu na kuondoka mapema. Gari lilimsubiri. Kufikia siku iliyofuata alikuwa amevuka bahari hadi Calais, Ufaransa, ambako wadai wa London hawangeweza kumfunga.

Siku chache baadaye, Mei 22 na 23, nyumba ya mnada ya Christie iliuza vitu vyake: vyombo vya kauri kutoka Sèvres, divai, vitabu, samani na vijaluba vya ugoro. Waliokuwa wakimwogopa walifika kununua vipande vyake. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga ya Brummell yalidumu miaka 24.

Calais haikuwa mbaya mwanzoni. Alipangisha vyumba katika nyumba ya muuza vitabu aliyeitwa Leleux, akavijaza samani za thamani, kwa mkopo tena. Waingereza waliokuwa safarini kwenda Paris walisimama kumwona kama watu wanavyosimama kutazama magofu, na wengi wao waliacha fedha kidogo. Rafiki yake wa dhati, Duchess wa York, hakumsahau, na Brummell akaanza kumtengenezea pazia la mbao lililobandikwa picha za wanyama na watu mashuhuri. Duchess alifariki 1820 kabla kazi haijakamilika. Brummell aliiacha hivyo hivyo.

Mnamo Septemba 1821, George, sasa akiwa Mfalme George wa Nne, alishukia Calais akielekea Hanover. Mji mzima ulisubiri kuona kama marafiki hao wawili wangepatana. Mfalme alipita, akaendelea na safari yake. Hakumwita.

Mwaka 1830 mfalme huyo alifariki, na wakubwa waliomkumbuka Brummell wakamtafutia kazi ya kuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Caen. Ili aruhusiwe kuondoka Calais ilibidi sehemu kubwa ya mshahara wake itengewe wadai wa huko. Alipoona kwamba kilichosalia hakimtoshi, aliiandikia serikali kwamba ofisi yake haina kazi na inaweza kufungwa, akitarajia kuhamishiwa mahali penye mapato bora. Mnamo 1832 serikali iliukubali ushauri wake, ikaifunga ofisi na haikumpa nyingine. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa mtu aliyejifuta kazi kwa uaminifu kiasi hicho.

Kuanzia hapo aliteremka haraka. Alipatwa na kiharusi. Mashati yalichakaa. Alibaki na suruali moja, na inasimuliwa kwamba ilipopelekwa kutiwa viraka alilazimika kubaki kitandani hadi irudi. Fundi mmoja wa Caen, akiona aibu kwamba mtu wa sifa kama zake angetembea na nguo zilizoraruka, alimshonea bila malipo. Katika kisa hiki chenye washonaji wengi walioachwa na hesabu zisizolipwa, huyo mmoja hakudai chochote.

Mei 1835 maafisa wa mahakama walimvamia chumbani akiwa bado kitandani na kumpeleka gerezani kwa sababu ya madeni. Alikaa huko kwa zaidi ya miezi miwili. Katikati ya uchafu na kelele za wafungwa, aliendelea kuitisha maji, sabuni na maziwa ya kunawia, na kila asubuhi alijisugua kama afanyavyo mtu anayetarajia mgeni wa heshima. Mwingereza aliyekuwa na duka mjini humo alisafiri hadi London kumchangishia. Alvanley alitoa, wengine wakatoa, hata Mfalme William wa Nne alichanga. Brummell aliachiliwa Julai. Lakini alipotoka, kitambaa chake cha shingoni kilikuwa cheusi. Cheusi hakihitaji kufuliwa kila siku.

Akili nayo ilianza kumtoka. Baadhi ya waandishi wa maisha yake husema chanzo kilikuwa kaswende ambayo haikuwa na tiba wakati huo. Katika hoteli alimoishi mjini Caen, baadhi ya jioni aliamuru mishumaa iwashwe na viti vipangwe, kisha mtumishi alisimama mlangoni na kutangaza majina ya wageni mmoja baada ya mwingine. Alitajwa Duchess wa Devonshire, ambaye alikuwa amefariki tangu 1806. Brummell alisimama, akainama, akamshika mkono mgeni ambaye hakuwepo na kumkaribisha kwenye kiti. Ilipotimu saa nne, mtumishi alitangaza kwamba magari ya farasi yamewasili, na chumba kikarudia ukimya wake. Mara nyingine alizinduka katikati ya shughuli hiyo, akatazama viti vitupu na kulia.

Mwisho kabisa alipoteza hata kile ambacho umaskini ulikuwa umeshindwa kumpokonya. Aliacha kuoga. Aliacha kubadilisha nguo. Wageni wa hoteli walilalamika kuketi naye chumba kimoja, na mwenye hoteli akawa hana budi. Mnamo Januari 1839 alipelekwa kwa nguvu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Alipoona wamemjia, alidhani wanampeleka gerezani tena, akapiga mayowe.

Watawa walimwosha, wakamvisha nguo safi na kumweka katika chumba chenye moto wa kuota. Katika hospitali hiyo hiyo ndimo alimofia Bourrienne, aliyekuwa katibu wa Napoleon, miaka michache kabla yake. Inasemekana kwamba mshairi Byron aliwahi kumweka Brummell katika daraja moja na Napoleon miongoni mwa watu wakuu wa zama zao, kwa utani nusu na kwa dhati nusu.

Leo sanamu yake ya shaba, iliyosimamishwa 2002, imo katika barabara ya Jermyn mjini London, pembeni mwa maduka ya mashati. Nasi huku hatuko mbali naye kama tunavyodhani. Mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa Moses Wetang'ula alipopiga marufuku suti za Kaunda bungeni na kusisitiza koti, kola na tai, aliyekuwa akitetewa pasipo kutajwa ni mtu huyu wa Chesterfield. Na anayekagua mshono wa koti la mtumba pale Gikomba, akilinyoosha bega na kulitazama dhidi ya mwanga, anafanya kazi ile ile aliyoifanya Brummell mbele ya Duke.

Aliaga dunia jioni ya Machi 30, 1840, akiwa na umri wa miaka 61. Hakuwahi kuoa na hakuacha mtoto. Mtawa mmoja alikuwa kando ya kitanda chake. Alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti mjini Caen, na madeni yake mengi yakabaki katika vitabu vya washonaji wa London yalimokuwa yameandikwa.